Dakika 20 za Mwisho: Mwongozo Kamili wa Kufunga Siku katika Darasa la Kwanza na la Pili

Kengele ya kutoka, hata ikiwa ni ringi ya gari iliyotundikwa kwenye tawi la mwembe na kugongwa kwa kipande cha nondo, ina nguvu kuliko sauti ya mwalimu yeyote. Ikishalia, mtoto wa miaka sita au saba hasikii tena maelezo ya kazi ya nyumbani, hakumbuki penseli iliyodondoka chini ya dawati, wala hangoji kuambiwa kwamba leo dada yake hakuja shuleni na kwa hiyo asiondoke peke yake. Ndiyo maana shauri langu kwa mwalimu wa madarasa ya chini ni moja, na mengine yote katika mwongozo huu yanatokana nalo: kila jambo linalohusu kuondoka kwa watoto likamilike kabla kengele haijalia, ili kengele iwakute wameshajiandaa.

Ninaandika nikiwa na shule ya msingi ya serikali ya Tanzania akilini, kwa kuwa ndiyo niliyoifanyia kazi. Tangu mpango wa elimumsingi bila malipo ulipoanza mwaka 2016, darasa la kwanza katika shule nyingi za mijini limejaa kupita kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na si ajabu kukuta watoto 80 au zaidi katika chumba kimoja chenye mlango mmoja, wamebanana wanne wanne kwenye madawati yaliyotengenezwa kwa ajili ya watatu. Katika baadhi ya shule kuna awamu mbili, na watoto wa mchana huwa wameshajipanga ukutani kusubiri chumba hichohicho. Mwenye watoto 30 naye atapata la kuchukua hapa, ila yeye ataweza kupunguza baadhi ya hatua.

Daftari la njia

Kazi hii huanza mwezi Januari, katika wiki za kwanza za muhula, wala haingoji dakika za mwisho za siku. Chukua kauntabuku moja na uandike jina la kila mtoto, mtaa wake, alama inayotambulika karibu na kwao, kama vile msikiti, kanisa, kisima au mashine ya kusaga, kisha jina la mlezi na namba yake ya simu, na mwisho mtu anayerudi naye nyumbani. Acha mistari miwili wazi chini ya kila jina kwa ajili ya watu wengine ambao mlezi ameridhia wamchukue mtoto. Ni vyema taarifa hizi zijazwe mbele ya mzazi katika kikao cha kwanza cha darasa, na yule asiyefika aitwe au apigiwe simu, maana mtoto wa darasa la kwanza akiulizwa anakaa wapi hujibu kwa ukweli wote kwamba anakaa kwa bibi.

Daftari likikamilika utaona kwamba watoto wako ni wa aina nne. Wapo wanaotembea pamoja kwa mtaa, wapo wanaofuatwa na mtu mzima, wapo wanaopanda daladala, bajaji au bodaboda waliyokodiwa, na wapo wanaowasubiri kaka na dada zao wa madarasa ya juu. Kundi hili la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Mdogo hutoka saa 6:00 mchana ilhali dada yake aliye darasa la sita hutoka saa 9:00 au hata saa 10:00, na kwa saa hizo tatu au nne mtoto hana mwalimu, hana kivuli cha kudumu, na mara nyingi hana chakula. Zungumza na mwalimu mkuu ili watoto hao wapewe mahali pamoja pa kukaa, panapoonekana kutoka ofisini, na mwalimu wa zamu awe na orodha yao. Kipande cha mkeka chini ya mti, vizibo vya soda vya kuhesabia na vitabu viwili vitatu vya hadithi vinatosha kulifanya eneo hilo liwe la maana. Ikiwa mzazi anaweza kumfuata mtoto mapema kwa siku mbili tu za wiki, mwombe afanye hivyo, kwa sababu siku mbili kwa mtoto wa umri huo si haba.

Kauntabuku hilo lisiachwe mezani likizagaa. Lina namba za simu na njia za watoto wadogo, kwa hiyo likae kabatini pamoja na daftari la mahudhurio, chini ya ufunguo.

Zamu ya usafi ipangwe kwa mtaa

Desturi iliyozoeleka ni kupanga zamu ya usafi kwa safu za madawati au kwa mpangilio wa majina. Ina kasoro moja ambayo sikuiona kwa miaka kadhaa: watoto wanane wanaobaki kufagia wanatoka mitaa minane tofauti, wenzao wa njia wameshaondoka, na kila mmoja anajikuta akirudi peke yake. Panga zamu kwa mtaa. Watoto wa upande wa mtoni wafagie Jumatatu, wa upande wa sokoni Jumanne, na kadhalika, ili kundi linalobaki pamoja liondoke pamoja. Kwa darasa la kwanza zamu iwe ya kuokota karatasi, kupanga madawati na kufuta ubao tu, na ufagiaji wenyewe ufanywe pamoja na mwalimu au na wakubwa.

Saa 5:40, penseli chini

Tuchukue kwamba kengele inalia saa 6:00. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, hivyo dakika 20 ninazoziomba ni theluthi mbili ya kipindi cha mwisho, na najua walimu wenzangu watauliza silabasi itaisha lini. Jibu langu ni kwamba dakika hizi nazo ni za kusoma, kuandika na kuhesabu, kama nitakavyoonyesha, na kwamba kipindi cha mwisho wakati wa joto la mchana, kwa watoto ambao wamekunywa kikombe kimoja cha uji tangu asubuhi, hakibebi somo jipya hata ukililazimisha. Kipangie marudio, wimbo au hadithi, na uweke mada mpya asubuhi.

Ikifika saa 5:40 toa ishara isiyobadilika. Wengine hupiga makofi kwa mdundo ambao watoto huujibu, wengine huanzisha wimbo wa kuagana, na mimi hupendelea wimbo kwa sababu una urefu unaojulikana: ukifika ubeti wa mwisho kila mtoto anapaswa awe ameweka penseli chini. Ishara ichaguliwe moja na ifundishwe kwa wiki mbili nzima kama somo lingine lolote, kwa kuonyesha, kurudia na kusifu dawati lililofanya vizuri. Usitumie kelele ya mdomo kama ishara, kwa kuwa sauti yako utaihitaji mpaka saa 6:00.

Baada ya ishara, madaftari hukusanywa. Usiwaite watoto 80 waje mezani. Mtoto anayekaa mwisho wa dawati, upande wa njia, hupokea madaftari ya wenzake, huyaweka yakiwa yamefunguliwa kwenye ukurasa wa leo na kuyapitisha mbele, dawati kwa dawati, hadi yafike kwa kiranja wa safu. Daftari lililofunguliwa ukurasa wa leo humwokolea mwalimu anayesahihisha muda mwingi kuliko mtu anavyodhani. Vitabu vya kiada hufuata njia hiyohiyo, lakini hivyo vihesabiwe kwa sauti na darasa zima, kimoja kimoja, vikiingia kwenye kabati: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Vilitoka 20, vimerudi 20. Ikiwa kimepungua kimoja kitafutwe hapohapo, kabla hakijaingia kwenye begi na kusahaulika. Penseli za darasa zirudi kwenye kopo la kila safu, na kopo la safu yenye penseli 14 liwe na namba 14 iliyoandikwa ubavuni.

Ndipo watoto wafunge mabegi yao, wakiwa wameketi. Anayesimama huanza kutafuta mlango. Waelekeze wapeleke mikono chini ya dawati na kupapasa mpaka kona zote, waokote sweta, chupa ya maji, kiatu kilichovuliwa na karatasi yoyote iliyo miguuni pao. Vitu visivyo na mwenyewe viwekwe kwenye boksi moja karibu na mlango, na kila Ijumaa boksi lioneshwe kwa darasa zima.

Swali moja la kupeleka nyumbani

Kwa dakika tano zinazofuata darasa lirudi kwenye jambo moja lililofundishwa siku hiyo. Swali la jumla, kama vile "Leo mmejifunza nini?", halina faida kwa mtoto mdogo, kwa kuwa atajibu "Kusoma" na mazungumzo yataishia hapo. Uliza jambo linaloshikika. Ikiwa asubuhi mlisoma silabi za herufi k, sema: "Ukifika nyumbani mwoneshe mama vitu vitatu ambavyo jina lake linaanza na sauti /k/." Mtoto atarudi kesho akiwa na kikombe, kisu na kuku, na mzazi asiyejua kusoma atakuwa ameshiriki katika somo bila kudhalilika.

Kazi ya nyumbani iwe ya kiwango hicho. Katika miji ya pwani na Zanzibar watoto wengi hula chakula cha mchana kisha huenda madrasa hadi alasiri, wengine huchota maji au huangalia wadogo zao, na nyumba nyingi giza likiingia hazina taa ya kuandikia. Kazi ndefu ya kuandika haitafanyika, na mtoto atakuja kesho akiwa na hofu. Mpe swali la mdomo, au sentensi mbili za kuandika siku ambazo madaftari yanarudi nyumbani, na uhakikishe kwamba umelifafanua kabla ya saa 5:52.

Matangazo kwa wazazi yasibebwe na kumbukumbu ya mtoto. Tangazo la kikao cha Ijumaa saa 3:00 hufika nyumbani likiwa kikao cha leo, au halifiki kabisa. Liandike kwenye karatasi fupi au ukurasa wa nyuma wa daftari, au litumwe kwa ujumbe wa simu kwa wazazi wa mtaa mmoja mmoja, na kwa mtoto ubaki kumwambia neno moja tu: "Mpe mama karatasi."

Majina ya wapiga kelele

Hapa nina neno la kusema kwa uwazi. Katika shule nyingi kiranja hubaki mbele akiandika majina ya wapiga kelele, na orodha hiyo husomwa wakati wa kutoka, ikifuatiwa na adhabu. Ninawasihi walimu wenzangu waiache desturi hii. Mtoto anayeondoka shuleni akilia huvuka barabara akilia, haoni gari wala hasikii honi, na kesho asubuhi tumbo linamuuma. Kiranja naye, ambaye ni mtoto wa miaka saba, hupewa mamlaka asiyoweza kuyabeba. Huandika jina la asiyempa karanga na kuliacha la rafiki yake. Kosa la saa 4:00 lishughulikiwe saa 4:00. Ikiwa kuna lililobaki, mwite mtoto mmoja mmoja, uongee naye kwa sauti ya chini ukiwa umeinama kufikia macho yake, na umalize kwa kumtajia jambo moja alilolifanya vizuri siku hiyo.

Kiranja apewe kazi inayomfaa, nayo ni kuangalia kwamba madirisha yamefunguliwa na kwamba hakuna begi lililobaki ndoanoni.

Kuhesabu na kutoka

Mwaka wangu wa tatu kazini nilifunga mlango wa darasa nikiwa na yakini kwamba watoto wote wameshaondoka. Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia mlinzi akiniita. Mtoto mmoja wa kike, ambaye alikuwa na homa tangu asubuhi bila mimi kutambua, alikuwa amelala sakafuni chini ya dawati la nyuma kabisa, na alipozinduka na kukuta mlango umefungwa akaanza kuugonga kwa kiatu. Hakupata madhara, lakini sauti ya kile kiatu kwenye mbao sijaisahau, na tangu siku hiyo sijawahi kuruhusu darasa bila kuhesabu.

Hesabu inapaswa kulingana na daftari la mahudhurio la asubuhi. Waliofika leo ni 76. Wawili waliondoka mapema na mzazi, na jina la kila mmoja na saa aliyoondoka vimeandikwa. Kwa hiyo wa kutoka sasa ni 74. Andika 74 kwenye kona ya ubao kabla mtu yeyote hajasimama. Kisha simama mlangoni, si mezani, na uite safu moja moja kwa utulivu. Kila mtoto anapokufikia agusane nawe kiganja na kujibu swali la mlangoni, ambalo ni fupi mno: safu ya kwanza inataja namba inayofuata baada ya 29, safu ya pili inatamka silabi ya mwisho ya neno "kalamu", safu ya tatu inasema siku ya kesho. Asiyejua jibu anasaidiwa na anayemfuata, haadhibiwi wala harudishwi nyuma, ila wewe umeshajua nani wa kumtazama kesho asubuhi. Kwa watoto 74 zoezi hili huchukua dakika saba au nane, ndiyo maana lianze saa 5:52, na ndani yake umepata mambo matatu kwa pamoja: umehesabu, umepima ulichofundisha, na umemtazama kila mtoto usoni. Homa, jeraha na macho yaliyovimba kwa kilio huonekana hapo.

Nje ya mlango watoto wajipange kwa makundi yale manne ya daftari la njia, si kwa safu za madawati. Chora mistari kwa chokaa au weka mawe manne yaliyopakwa rangi. Kila kundi la mtaa liwe na mkubwa wake, ambaye akiwezekana awe wa darasa la pili. Kengele ikilia, makundi yameshasimama, na ndipo yanaruhusiwa.

Getini na barabarani

Mwalimu wa zamu awe getini dakika tano kabla. Mtoto aliye katika kundi la wanaofuatwa akabidhiwe mkononi kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye kauntabuku. Akija mwingine, hata akivaa vizuri na kulijua jina la mtoto, mzazi apigiwe simu kwanza. Wapo watakaochukia. Wavumilie, na uwaeleze kwa heshima kwamba hata wao watoto wao wanalindwa hivyohivyo. Dereva wa bodaboda au bajaji aliyekodiwa na wazazi atambuliwe kwa sura na namba ya chombo chake, na asiruhusiwe kupakia watoto wanne kwa mara moja.

Kuvuka barabara hufundishwa uwanjani kwa kamba mbili zilizolazwa chini, mara moja kila mwezi. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, mtoto atazame kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena, na avuke akitembea, asikimbie. Mfundishe pia asivuke mbele ya daladala iliyosimama, kwa sababu gari linaloipita halimwoni.

Wako watoto wanaohitaji mpango wao. Mtoto mwenye ualbino asitoke saa 6:00 bila kofia pana na mikono mirefu, na kamwe asitembee peke yake. Kundi lake la mtaa liwe na mtu mzima, na jambo hili lijadiliwe na wazazi waziwazi bila kumtia mtoto hofu. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo atoke na safu ya kwanza ili asisukumwe mlangoni. Mtoto kiziwi hasikii kengele wala honi, kwa hiyo awe na mwenzake wa kudumu anayemshika mkono.

Mvua na mtoto asiyefuatwa

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kengele si ruhusa. Kabla ya msimu kuanza pitia daftari la njia na uweke alama nyekundu kwa kila mtoto anayevuka mto, korongo au daraja la miti. Mvua ikinyesha hao wabaki darasani mpaka mtu mzima awafuate, hata jua likitoka, kwa maana maji ya mvua iliyonyesha milimani hufika bondeni baada ya mvua kukatika.

Kwa mtoto ambaye hajafuatwa, subiri naye mahali panapoonekana, pamoja na mwalimu mwingine, na upige simu kwa mlezi, kisha kwa walio kwenye ile mistari miwili ya akiba. Nusu saa ikipita bila jibu, mjulishe mwalimu mkuu na mwenyekiti wa mtaa. Usimpeleke nyumbani kwako kimyakimya hata kwa nia njema. Usimkemee mtoto, kwani kuchelewa si kosa lake. Likijirudia mara kwa mara, au ukiona dalili za kutelekezwa au kuumizwa, piga simu 116, ambayo ni namba ya bure ya huduma ya simu kwa watoto, au uende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Chumba baada ya watoto

Nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, hasa kama sakafu ni ya udongo au imevunjikavunjika, na madirisha yawe wazi, kwa sababu vumbi la chaki na la sakafu huingia kwenye vifua vya watoto wanaofagia. Futa ubao na uandike tarehe ya kesho. Ikiwa kuna awamu ya mchana, mwambie mwalimu anayeingia kilichovunjika na dawati lililolegea. Kisha keti dakika tatu na uandike kwenye andalio lako la somo majina ya watoto watatu au wanne uliowaona mlangoni: aliyekwama kwenye namba 30, aliyekuwa na kikohozi, aliyesema kwa sauti ya chini kwamba leo nyumbani hakuna mtu.

Kama wewe ndiye wa mwisho, funga madirisha, pita ukiinama na kuangalia chini ya kila dawati mpaka lile la nyuma kabisa, na hapo ndipo ufunge mlango.